Historia fupi ya gundi ya meno

Najua hapa mmezoea kusoma kuhusu hifadhidata, Linux na programu zinazogoma usiku wa manane. Leo naomba tutoke nje ya tarakilishi kidogo, tuingie mdomoni.

Mwaka juzi nilizibwa gego katika kliniki moja mjini Thika. Miezi mitano baadaye, nikiwa hapa Kamenu natafuna mahindi ya kuchoma, kizibo kikatoka kizima kama kifuniko cha chupa. Nikakitemea kiganjani, nikakitazama. Hakikuwa kimevunjika wala hakikuwa na ufa. Kilikuwa kimeachia tu.

Sisi tunaoandika programu tuna ugonjwa mmoja: hitilafu ikitokea hatulali mpaka tujue chanzo. Kitu kikivunjika, unakichunguza chenyewe. Kikiachia kizima, tatizo liko pale kilipounganishwa na kingine. Nikakumbuka mambo mawili ya siku ile. Kwanza, stima ilipotea katikati ya kazi tukangoja jenereta. Pili, pamba niliyowekewa shavuni ililowa mate chepechepe kabla daktari hajamaliza. Je, lipi kati ya hayo lililoniponza? Kutafuta jibu kulinipeleka mbali: Rochester, Tokyo, London, na mwisho Dar es Salaam, ambako sikutarajia kabisa kufika.

Jino lilipokatwa lilingane na kiraka

Kwa zaidi ya karne nzima, kiraka cha kawaida cha jino duniani kilikuwa amalgamu: unga wa fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Ukichanganya unapata kitu laini cha kushindilia kwenye tundu, na baada ya muda kinakuwa kigumu kama chuma. Wafaransa walikuwa wakitumia mchanganyiko wa fedha na zebaki katika miaka ya 1820. Ulipofika Marekani katika miaka ya 1830 ulizua ugomvi mkubwa, hata chama cha madaktari wa meno kilichoundwa huko mwaka 1840 kikawataka wanachama wake waahidi kutoutumia. Chama kilikufa mwaka 1856, amalgamu ikabaki. Ilikuwa rahisi, ilivumilia mate, na ilidumu miaka mingi.

Ila amalgamu haishiki jino. Hakuna gundi hapo. Inakaa kwa sababu tundu limechongwa pana chini na jembamba juu, kama kibuyu cha uji. Uji ukigandia humo, huwezi kuutoa mzima kupitia mdomo wake.

Mmarekani Greene Vardiman Black ndiye aliyeandika kanuni za uchongaji huo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Matundu aliyagawa katika madaraja, na mgawanyo wake unafundishwa hadi leo. Kanuni yake maarufu ilikuwa kupanua tundu mpaka lifike sehemu za jirani zilizo rahisi kuoza, hata kama bado ni nzima, ili ugonjwa usirudi. Kwa enzi zake ilikuwa busara, lakini gharama yake ilikuwa chungu. Ili kuweka kiraka kidogo unakata jino lenye afya, na kila kiraka kinapobadilishwa tundu linakua. Baada ya mara tatu nne hakuna tena jino la kuchonga, kuna la kung'oa.

Waliowahi kurithi mfumo wa zamani kazini watalitambua jambo hili. Kipande kipya hakiwezi kuzungumza na cha zamani, kwa hiyo unabomoa cha zamani mpaka kilingane na kipya.

Asidi kutoka kiwandani, 1955

Ukipita gereji za jua kali hapa Thika utaona kwamba fundi hapaki matatu rangi juu ya bati linaloteleza. Kwanza analikwaruza kwa msasa mpaka lipoteze mng'ao, ndipo rangi ipate pa kushika. Wazo la aina hiyo hiyo ndilo lililogeuza matibabu ya meno.

Michael Buonocore alikuwa mtafiti katika kituo cha meno cha Eastman mjini Rochester, jimbo la New York. Alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforiki ili rangi ishike vizuri. Akajiuliza kama jino nalo lisingekubali. Enameli, lile gamba gumu la nje, ni madini kwa karibu asilimia 96 ya uzito wake. Mwaka 1955 alichapisha ripoti fupi katika Journal of Dental Research. Alipaka enameli asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30, kisha akaibandika plastiki ya akriliki. Penye asidi plastiki ilishika muda mrefu zaidi kwa mbali kuliko pasipopakwa kitu.

Kinachotokea ni hiki. Asidi inayeyusha madini kidogo na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Rezini ya majimaji inaingia humo na kuganda, ikawa na mizizi maelfu. Kazi iliyofanywa na kibuyu kimoja kikubwa sasa inafanywa na vibuyu vidogo visivyohesabika, bila kulikata jino. Asidi ya leo imepunguzwa mpaka karibu asilimia 37, lakini mbinu ni ile ile miaka 70 baadaye. Nitajieni programu iliyodumu hivyo.

Hapa Kenya mbinu hii ina kikwazo chake. Maji ya visima vingi katika Bonde la Ufa, kwa mfano upande wa Nakuru na Naivasha, yana floraidi nyingi, na watoto wanaokulia huko huota meno ya kahawia. Tabaka la juu la enameli ya namna hiyo hukaidi asidi. Daktari akifuata maelekezo ya kwenye chupa bila kulitazama jino, atapata mshiko hafifu. Humbidi aongeze muda wa asidi, au akwangue tabaka la juu kwanza. Maelekezo hayo yaliandikwa na watu waliokuwa na meno mengine mawazoni.

Rezini na taa ya buluu

Gundi nzuri inahitaji kiraka kizuri. Akriliki za miaka ya 1950 zilisinyaa sana zikiganda, zikaacha mwanya pembeni, na bakteria wakapita humo. Rafael Bowen, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ndiye aliyelitatua jambo hilo. Mwaka 1962 alipata hataza ya rezini inayoitwa Bis-GMA, iliyochanganywa na unga wa silika. Mantiki ni ya zege. Saruji tupu husinyaa na kupasuka, ukiitia kokoto inatulia. Hata hivyo viraka vya aina hii bado husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wao, na ndiyo sababu daktari hukijaza tabaka kwa tabaka, kama milimita 2 kila safari.

Mwanzoni rezini hizi ziliganda zenyewe baada ya kuchanganywa. Katika miaka ya 1970 zikaja zinazogandishwa kwa mwanga, kwanza urujuanimno, kisha mwanga wa buluu tunaoujua leo. Ndani ya rezini kuna kemikali inayopokea mwanga wa karibu nanomita 470 na kuanzisha mgando. Ni jambo zuri kwa daktari, kwa sababu ana nafasi ya kuliumba jino polepole. Lakini bila taa kitu hakigandi, na taa inataka umeme.

Hapo nikamrudia mshukiwa wangu wa kwanza. Kama stima iliyopotea ndiyo iliyoharibu, upande wa chini wa kizibo ungebaki laini. Nikachukua sindano nikaukwaruza. Mgumu kabisa. Stima nikaiachia huru kwa kukosa ushahidi.

Dentini, mahali penye maji

Chini ya enameli kuna dentini. Hii ni madini kwa asilimia 70 hivi tu, na kinachobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni pamoja na maji. Ina vijifereji vyembamba vinavyotoka kwenye kiini cha jino, vyenye majimaji ndani. Kubandika kitu juu yake ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja. Mwaka 1949 mkemia wa Uswisi, Oskar Hagger, alitengeneza kemikali ya kushikana na dentini, lakini mshiko wa wakati ule haukustahimili maji. Na kwa miaka mingi madaktari wa Marekani na Ulaya walifundishwa kwamba kutia asidi kwenye dentini ni kukiua kiini cha jino.

Wajapani hawakukubali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Takao Fusayama wa Tokyo alianza kupaka asidi enameli na dentini kwa pamoja, na meno hayakufa. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake walieleza kwa nini gundi inashika. Asidi inaondoa madini na kuacha wavu wa kolajeni. Rezini inapenya kwenye wavu na kugandia humo. Linalopatikana ni tabaka ambalo ni nusu jino, nusu plastiki, mfano wa nondo ndani ya zege. Wanaliita tabaka mseto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani John Kanca akaonyesha jambo lililowashangaza wengi: dentini isikaushwe sana. Ukiikausha, ule wavu unalala chini kama nyasi zilizokanyagwa na rezini haipiti. Ukiiacha na maji mengi, maji yanakaa mahali pa gundi. Inatakiwa unyevu wa kadiri tu, na kadiri hiyo iko katika jicho na mkono wa daktari.

Madaktari wa meno huzihesabu gundi hizi kwa vizazi, kama sisi tunavyohesabu matoleo ya programu. Kizazi cha nne kilikuwa na chupa tatu: asidi, kitangulizi, gundi. Vilivyofuata vilipunguza chupa, vikaunganisha hatua, vikaificha asidi ndani ya gundi yenyewe. Katika miaka ya 2010 zikaja za kutumika kwa njia yoyote atakayo daktari. Na kama ilivyo kwa programu, toleo jipya si lazima liwe bora. Zile chupa tatu za kizazi cha nne bado ni kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho.

Katika vizazi vyote hivyo sharti moja halijaondoka: mate yasiguse. Mate yana protini zinazotanda juu ya vishimo vilivyoandaliwa kwa asidi, na rezini inakuta njia imezibwa. Nikageuza kizibo changu tena. Upande wa chini ulikuwa laini, unang'aa. Nikakumbuka ile pamba. Ushahidi wa mahakamani sina, lakini mshukiwa wa pili nilimweka ndani.

Dar es Salaam, miaka ya 1980

Mpaka hapa hadithi yote imetokea kwenye vyumba vyenye stima, maji ya bomba, kifyonza mate, msaidizi na kiti kinacholala. Mgonjwa asiye na vitu hivyo alitibiwa kwa koleo. Watu wazima wengi hapa kwetu, mama yangu akiwemo, hawajawahi kuzibwa jino hata moja. Wameng'olewa tu. Ndiyo maana sehemu hii ilinikaza macho.

Twende kwanza London. Mwaka 1969, katika maabara ya mkemia wa serikali, Alan Wilson na Brian Kent walitengeneza saruji mpya ya meno, na mwaka 1972 wakaitangaza rasmi. Ni unga wa glasi yenye floraidi unaochanganywa na asidi iitwayo poliakriliki. Asidi hiyo inaungana kikemia na kalsiamu ya jino lenyewe, kwa hiyo saruji inashika bila kuchongewa kibuyu na bila gundi ya pembeni. Inaganda yenyewe bila taa, na kwa muda mrefu hutoa floraidi kidogo kidogo kwa jino. Udhaifu wake ni kwamba huchakaa na kuvunjika upesi kuliko amalgamu au rezini. Kwa hiyo katika nchi tajiri ilikuwa kiraka cha kazi ndogo ndogo.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alikuwa akifundisha meno katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo lililokuwa mbele yao lilikuwa wazi: utaliokoaje jino la mtu wa kijijini ambako hakuna umeme, hakuna maji ya bomba, na pesa ni chache? Jibu lao lilikuwa kuacha kabisa mashine ya kutoboa. Walitumia vifaa vya mkono tu, vijiko na vipatasi vidogo vya chuma, kutoa sehemu laini iliyooza, kisha wakaziba tundu kwa saruji inayoshika yenyewe. Mwanzoni saruji hiyo ilikuwa polikaboksileti, ndugu mkubwa wa saruji ya glasi. Baadaye saruji ya glasi ikachukua nafasi.

Tazameni jinsi kazi inavyofanywa. Mgonjwa analala juu ya meza ya darasa. Tundu linasafishwa kwa mkono, na kwa kawaida hakuna sindano ya ganzi kwa sababu sehemu laini iliyooza haina uchungu mwingi. Tundu linapanguswa kwa pamba yenye asidi ile ile ya saruji. Saruji inachanganywa, inajazwa, halafu daktari anaishindilia kwa kidole cha glavu kilichopakwa Vaseline, mpaka inapenya hata kwenye mifereji ya juu ya gego. Kidole kimechukua nafasi ya mashine ya maelfu ya dola.

Mbinu hiyo ilifanyiwa majaribio ya uwanjani Thailand kuanzia mwaka 1991, kisha Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitambulisha kwa ulimwengu. Kwa Kiingereza inaitwa ART. Leo hutumiwa hata Ulaya kwa watoto na wazee wanaoogopa mashine. Mwaka 2021 shirika hilo liliiweka saruji ya glasi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Sisi hupokea programu zilizoandikwa kwa intaneti ya kasi, tukahangaika kuzibana ziende kwenye simu ndogo. Hapa njia ilikuwa kinyume. Ukosefu wa stima uliwekwa kama sharti la kwanza la usanifu, na kilichotoka kikamfaa hata mwenye stima.

Pale inaposhindwa

Nisiwauzie miujiza. Tundu la uso mmoja wa jino, kwa mfano juu ya gego, ART hulihifadhi vizuri kwa miaka. Tundu linaloingia kati ya meno mawili ni kesi nyingine. Hapa Kenya, watafiti Arthur Kemoli, Evert van Amerongen na Gladys Opinya waliwafuatilia watoto 804 wa miaka 6 hadi 8, kutoka tarafa mbili za mashambani, waliozibwa magego ya utotoni kati ya jino na jino. Baada ya miaka miwili, viraka vilivyokuwa bado vimesimama havikufika theluthi moja. Walichunguza pia uzoefu wa daktari na msaidizi wake, na namna ya kuzuia mate. Kumbe mate hayakuwa adui wangu peke yangu.

Na hilo lina uzito sasa kwa sababu zebaki inaondoka. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi Februari 2009, kwenye makao ya UNEP pale Gigiri, ndio ulioamua mazungumzo ya mkataba wa zebaki yaanze. Mkataba wa Minamata ukapitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Kenya ikawa mwanachama mwaka 2023. Umoja wa Ulaya uliacha amalgamu Januari 2025, na Novemba 2025 nchi wanachama wa Minamata zilikubaliana Geneva kwamba matumizi yake yakome ifikapo mwaka 2034.

Siililii zebaki. Ila tujiulize nini kitakaa mahali pake katika hospitali ndogo ya kaunti yenye foleni tangu alfajiri. Amalgamu ilikuwa kiraka kilichosamehe: mate kidogo, haraka kidogo, bado kinakaa. Rezini haisamehe. Inataka taa, ukavu, muda, na msaidizi wa kushika kifyonza mate. Tukiondoa kiraka kinachosamehe bila kuleta saruji ya glasi ya kutosha na watu waliofunzwa kuitumia, koleo ndilo litakalojaza pengo. Mwaka 2034 hauko mbali.

Mimi nilirudi kuzibwa, kwa daktari mwingine. Nilimuuliza atazuiaje mate. Alicheka, akasema wagonjwa huuliza bei, hawaulizi hilo. Kisha akatoa kipande cha mpira chembamba, akakitoboa tundu, akalivika gego langu mpaka likabaki peke yake juu ya mpira kama kisiwa. Kizibo kipo hadi leo, na mahindi ya kuchoma nayala upande ule ule.

Mkienda kuzibwa, ulizeni maswali mawili: kiraka hiki ni cha aina gani, na mate utayazuiaje? Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.